Chagua Simu Itakayotunza Siri Yako

Ndugu msomaji, katika safu hii ya afya tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, vyoo bora, vyandarua na chakula cha watoto. Leo tutazungumza juu ya simu. Usishangae. Simu nayo imeingia katika mambo ya afya. Mama mjamzito hukumbushwa siku ya kliniki kwa simu. Mgonjwa huuliza kwa simu kama dawa zimefika. Zahanati humtafuta kwa simu mtu aliyekosa siku yake. Kwa hiyo siri nyingi za ugonjwa siku hizi zinakaa ndani ya simu.

Nitaanza na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Yupo mama mmoja mjane anayechukua kwetu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze habari hii ili wengine wajifunze.

Mama huyu alikuwa hakosi siku yake. Mwezi mmoja, wakati wa mavuno, hakuja. Nikamtumia ujumbe kwa simu. Niliandika hivi: "Mama, siku yako ya kuchukua dawa za VVU imepita. Njoo kesho bila kukosa." Nilipomaliza niliona nimefanya kazi nzuri.

Wakati ule mama huyu alikuwa hajui kusoma. Simu yake ilikuwa simu janja, ile ya kupangusa kwa kidole. Alipewa na ndugu yake wa mjini. Watoto waliitumia kucheza michezo. Ujumbe wote ulioingia, mwanawe wa darasa la nne ndiye aliyemsomea.

Siku ile mama alikuwa uani akipukuchua mahindi pamoja na majirani. Simu ikalia. Maneno yakatokea juu ya kioo, hata kabla simu haijafunguliwa. Mtoto akayasoma kwa sauti, kama anavyosoma shuleni, mpaka mwisho.

Kesho yake mama hakuja. Hakuja mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Ndipo nikaenda nyumbani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kigoda."

Alikuwa amekonda, na alikuwa anakohoa. Nikamwuliza kwa nini haji kuchukua dawa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Nije kufanya nini? Habari yangu mmeshaipeleka kisimani. Hata maandazi yangu watu hawanunui tena."

Nikasema, "Mama, mimi nilituma kwako. Sikutuma kwa watu."

Akanijibu, "Ulituma kwenye simu. Simu ile ni ya nyumba nzima. Hukuniuliza."

Sikuwa na jibu. Mama alisema kweli. Sikumwuliza.

SIRI NI SEHEMU YA MATIBABU

Ndugu msomaji, watu wengine hufikiri kwamba siri ya mgonjwa ni adabu tu. Siyo adabu tu. Siri ni sehemu ya matibabu, kama vile dawa ilivyo.

Hebu tuone sababu yake. Dawa za kufubaza virusi humezwa kila siku, maisha yote. Mtu akizimeza sawasawa, virusi hupungua sana mwilini. Anapata nguvu, analima na analea watoto wake. Akiziacha, virusi huongezeka tena. Vilevile virusi vinaweza kuwa sugu, na dawa zile zikashindwa kufanya kazi. Dawa za kifua kikuu nazo kwa kawaida humezwa kwa muda wa miezi 6 au zaidi. Mgonjwa akiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mgumu zaidi kutibu.

Sasa, mgonjwa akiona aibu, haji zahanati. Asipokuja, hapati dawa. Asipopata dawa, anaumia. Kwa njia hiyo siri iliyomwagika inaweza kumwua mtu.

Majirani wa mama yule nao walikosea. VVU haviambukizwi kwa kula maandazi aliyopika mtu mwenye virusi. Haviambukizwi kwa kupeana mkono, wala kwa kukaa pamoja mkipukuchua mahindi.

Sheria pia inalinda siri hii. Katika nchi yetu ya Tanzania, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo cha VVU yawe siri. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hii ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Inasema kwamba habari za afya ya mtu ni habari nyeti, maana yake ni habari za kutunzwa kwa uangalifu mkubwa.

Lakini sheria haikai mfukoni mwako. Kinachokaa mfukoni ni simu. Kwa hiyo tujifunze kuchagua simu.

AINA MBILI ZA SIMU

Simu za mkononi tunazozitumia vijijini ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni simu ndogo ya vitufe. Sisi huiita kitochi, kwa sababu ina tochi. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya Nokia 1100 iliyokuwa na tochi. Simu hiyo iliuzwa duniani zaidi ya milioni 250. Kitochi kinapiga simu, kinapokea simu, kinatuma ujumbe mfupi na kinatuma pesa. Vingi vina redio pia.

Aina ya pili ni simu janja. Hii ina kioo kikubwa cha kupangusa. Inapiga picha, inaingia kwenye intaneti na inabeba programu nyingi. Programu ni kazi iliyowekwa ndani ya simu, kwa mfano programu ya kutuma picha, ya kucheza michezo au ya kukopa pesa.

Fikiri hivi. Kitochi ni kama daftari dogo. Kina majina ya watu, ujumbe uliotumwa na simu zilizopigwa. Basi. Simu janja ni kama kabati kubwa. Ndani yake mna picha za vidonge vyako, sauti ulizorekodi, barua zako, na hata mahali ulipopita. Kabati likifunguliwa, vingi vinaonekana. Tena kabati hili lina milango mingi. Kila programu unayoiweka ni mlango mmoja.

Nitoe mfano wa mlango mbaya. Wapo watu waliokopa pesa kwa programu za simu, pengine ili wamtibu mtoto. Programu ilipowekwa iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu. Mkopaji akabonyeza "kubali" bila kusoma. Alipochelewa kulipa, ndugu, majirani na hata mwajiri wake wakatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mwezi Novemba, 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni.

Kitochi cha kawaida hakina mlango wa namna hiyo. Wakopeshaji hao hawawezi kuweka programu yao ndani yake. Hapo ndipo udogo wake unapokuwa faida.

KITOCHI SI AIBU

Baadhi ya vijana hucheka wakiona mtu mzima ana kitochi. Wanadhani ni alama ya umaskini. Hawajui kwamba hata Ulaya na Marekani wapo watu wenye pesa wanaochagua simu ndogo kwa hiari yao. Wamechoka kusumbuliwa na simu kubwa, na hawapendi mambo yao yafuatwe na makampuni. Mwaka 2015 kampuni moja ya Uswisi iitwayo Punkt ilitoa simu ya vitufe ya kupiga na kutuma ujumbe tu. Mwaka 2017 simu ya Nokia 3310, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, ilitolewa upya, na watu wakainunua tena.

Kwa mambo mengi ya afya, kitochi kinatosha. Mwaka 2012 nchini kwetu ilianzishwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Wajawazito na wazazi walitumiwa mafunzo kwa ujumbe mfupi bila malipo. Ujumbe ule uliingia hata katika kitochi.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu wa Kenya. Waganga wa kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, walifanya jaribio kwa watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi mara moja kila wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza kwa siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika kila watu 100 waliotumiwa ujumbe, watu 62 walimeza dawa zao vizuri. Katika kila watu 100 wasiotumiwa ujumbe, waliomeza vizuri ni 50.

Ndugu msomaji, litazame tena neno lile: "Mambo?" Halitaji ugonjwa. Halitaji dawa wala kliniki. Mtoto akilisoma kwa sauti uani, hakuna siri iliyotoka. Laiti ningelijua neno hilo mapema.

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

Ukienda kununua simu, usivutwe na rangi wala maneno ya muuzaji. Angalia mambo haya:

1. Kazi ya simu. Kabla ya kutoka nyumbani, taja kazi unazotaka simu ifanye. Kama ni kupiga, kutuma ujumbe, kutuma pesa na kusikiliza redio, kitochi kinakutosha. Usilipie kazi usiyoihitaji.

2. Maandishi. Mwombe muuzaji aweke lugha ya Kiswahili. Soma wewe mwenyewe maneno yaliyo kwenye kioo. Kama herufi ni ndogo mno kwa macho yako, tafuta simu nyingine. Simu usiyoweza kuisoma utampa mtu mwingine akusomee.

3. Kufuli. Hapa wengi hudanganyika. Kitochi hufunga vitufe vyake ili visibonyezwe mfukoni. Hilo si kufuli. Mtu yeyote akibonyeza vitufe viwili, simu inafunguka. Kufuli la kweli ni lile linalodai namba ya siri. Vitochi vingine vinaweza kufunga sanduku la ujumbe peke yake. Mwambie muuzaji akuonyeshe jinsi ya kufunga na kufungua, kisha ufanye mwenyewe mbele yake.

4. Sauti. Vitochi vingine hutamka namba unapobonyeza: "Moja! Nne! Saba!" Ukibonyeza namba yako ya siri ya pesa, duka zima linasikia. Hakikisha sauti hiyo inaweza kuzimwa. Piga simu moja ya kujaribu. Kama maneno ya anayekupigia yanasikika na mtu aliyesimama kando yako, punguza sauti. Ikishindikana, chagua simu nyingine.

5. Betri. Kijiji kisicho na umeme, watu hupeleka simu dukani kuchajiwa, na huiacha huko saa nyingi katika mikono ya wengine. Simu janja inataka chaji karibu kila siku. Kitochi chenye betri nzuri hukaa siku kadhaa. Simu isiyotoka nyumbani mara kwa mara haichunguliwi mara kwa mara.

6. Uhalali. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ndefu. Linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye boksi. Kama hazifanani, usinunue. Mwezi Juni, 2016, simu bandia zilizimwa nchini, na waliozinunua walipata hasara. Dai risiti.

7. Simu iliyokwisha kutumika. Ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, mwambie fundi mwaminifu afute vyote vilivyomo, uanze upya. Na wewe ukitaka kuuza au kugawa simu yako, toa laini, toa memori kadi, kisha ufute vyote.

UKISHANUNUA, FANYA HAYA

Simu nzuri bila mwenye uangalifu ni kama nyumba yenye mlango ulioachwa wazi. Ukifika nyumbani fanya yafuatayo.

Kwanza, badili namba ya siri iliyotoka kiwandani. Namba kama 0000 au 1234 inajulikana na kila mtu. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Namba ya kufungulia simu isiwe sawa na namba ya siri ya pesa.

Pili, hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha taifa. Kama laini yako ilisajiliwa kwa jina la shemeji au rafiki, yeye ndiye mwenyewe mbele ya kampuni ya simu. Mkigombana, anaweza kuifunga au kuichukua, na ujumbe wako ukaenda kwake. Bonyeza *106# ufuate maelezo ili uangalie usajili wako.

Tatu, chagua majina ya kuandika katika simu. Usiandike "Kliniki ya VVU" wala "Dawa za TB". Andika jina la kawaida unalolifahamu wewe.

Nne, soma kisha futa. Ujumbe wa zahanati ukishausoma na kuielewa tarehe, ufute. Kumbuka kufuta pia ule ulioujibu. Huo hukaa katika sanduku la ujumbe uliotumwa.

Tano, ukipeleka simu kuchajiwa au kwa fundi, toa laini kwanza. Toa na memori kadi kama ipo.

Sita, ukipigiwa simu na zahanati ukiwa mbele za watu, sema, "Nitakupigia baadaye." Halafu tafuta mahali pa faragha. Faragha ni mahali au hali ya mtu kuwa na mambo yake bila kutazamwa wala kusikilizwa na wengine.

KITOCHI NACHO KINA MIPAKA

Sitaki kukudanganya. Kitochi hakifichi kila kitu. Ujumbe mfupi wa kawaida haufungwi kwa ufunguo wa siri unapopita njiani. Unapita katika mitambo ya kampuni ya simu. Kampuni pia ina kumbukumbu za namba ulizopigia, na mnara wake hutambua simu yako iko upande gani. Kwa hiyo usiandike katika ujumbe mfupi jambo ambalo usingependa lisomwe. Jambo zito lizungumze ana kwa ana, na mhudumu wa afya, mlango ukiwa umefungwa.

Tena wapo watu wanaohitaji simu janja. Mhudumu wa afya anayetuma taarifa za kazi anaihitaji. Mtu mwenye ndugu ng'ambo, anayetaka kumwona kwa picha, anaihitaji. WhatsApp, tangu mwaka 2016, hufunga mazungumzo kwa ufunguo wa siri tangu yanapotoka kwa mtumaji hadi yanapomfikia anayetumiwa. Hilo ni jambo jema. Lakini ufunguo huo haukusaidii kama simu yenyewe iko wazi na watoto wanaichezea.

Ukiwa na simu janja, weka kufuli la namba. Zima maneno yanayotokea juu ya kioo kabla simu haijafunguliwa. Hilo ndilo lililomponza mama yule. Weka programu chache unazozihitaji tu. Programu ikiomba ruhusa ya majina, picha au mahali ulipo, jiulize kwanza: "Inayataka ya nini?" Usipopata jibu, kataa. Na usitume picha ya cheti chako cha hospitali katika kundi la watu wengi. Ikishatoka mikononi mwako, hairudi.

SIRI SIYO KUMFICHA MWENZIO HATARI

Hapa nataka nieleweke. Kutunza siri siyo kumwacha mwenzi wako katika hatari. Kama una VVU, njoo zahanati tukusaidie namna ya kumwambia mwenzi wako, naye apimwe. Kama una kifua kikuu, watu wa nyumbani mwako wanapaswa kuchunguzwa. Tena ni vizuri umchague ndugu mmoja unayemwamini, akukumbushe dawa. Lakini wewe ndiye wa kuchagua nani aambiwe na lini. Simu isikutangulie kusema.

WAJIBU WETU SISI WA ZAHANATI

Baada ya kosa langu, zahanatini kwetu tulikaa kikao. Tukakubaliana kwamba hatutamtumia mgonjwa ujumbe kabla ya kumwuliza maswali matatu:

Namba hii ni ya nani?
Nani mwingine huishika simu hii au humsomea mwenyewe?
Tukimtafuta, tuandike maneno gani?

Na wewe, ndugu msomaji, ukienda zahanati ukaombwa namba ya simu, usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: "Simu hii tunaitumia watu wanne. Msiandike jina la ugonjwa." Kama huna simu yako, sema pia. Tutapanga njia nyingine. Kumweleza mhudumu jambo hilo ni haki yako.

MAMA YULE ALIRUDI

Nilimwomba radhi mama yule mara tatu, siku tatu mbalimbali. Siku ya tatu alikuja nami zahanati. Tulimchunguza, tukampima kikohozi chake, na akaanzishiwa tena dawa.

Kisha tukazungumza juu ya simu. Simu ya kupangusa alimrudishia ndugu yake, baada ya fundi kufuta vilivyomo. Kwa pesa ya mahindi alinunua kitochi chenye kufuli la namba.

Tulipofika kwenye maneno ya ujumbe, nilishauri tuandike "Mbegu zimefika." Alicheka, mara ya kwanza tangu siku nyingi.

"Hapana mwanangu. Wakisikia mbegu watanifuata wote."

Akachagua mwenyewe: "Kikao ni Jumanne."

Bado palikuwa na shida moja. Kikao hicho nani angemsomea? Mama akajiandikisha katika darasa la kisomo. Alianza na herufi za jina lake. Baada ya hapo alijifunza siku za juma, kwa sababu alitaka kujua Jumanne inaandikwaje. Alikuja darasani na kitochi chake kibindoni.

Mwezi wa tano wa masomo nilimtumia ujumbe wake. Ulipita muda mrefu. Nikadhani labda simu imezimwa. Halafu likaja jibu: "saw". Herufi moja ilikosekana, lakini Jumanne alikuwa wa kwanza kwenye benchi.

Majirani wengine wameanza tena kununua maandazi yake. Wengine bado. Nao waelimishwe taratibu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Faragha: hali ya kuwa na mambo yako bila kutazamwa au kusikilizwa.
Kitochi: simu ndogo ya vitufe.
Simu janja: simu ya kioo yenye intaneti na programu.
Laini: kadi ndogo ndani ya simu inayobeba namba yako.
Namba ya siri: namba unayoijua wewe peke yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama huyu aliacha kwenda kuchukua dawa? Makosa yalikuwa ya nani?
2. Taja kazi unazozifanya kwa simu yako. Je, simu ndogo ingetosha?
3. Katika nyumba yako, nani huisoma simu? Kuna ujumbe gani ambao usingependa asomewe kila mtu?
4. Hapa kijijini simu huchajiwa wapi? Tufanye nini ili zisichunguliwe?
5. Kila mwanakikundi atoe simu yake. Aonyeshe kama ina kufuli la namba. Ambaye hana, wenzake wamsaidie kuliweka leo, lakini namba achague mwenyewe na asimwambie mtu.